Mbuzi wa Mipaka ya Ghorofani

Jumanne, 4 Machi. Bwera.

Bila mimi mpaka wa Mpondwe haufunguki. Serikali mbili zinalijua hilo, ila zinaona haya kuliandika. Leo siku ya soko. Malori yamejipanga mpaka mteremkoni na kila dereva anauliza, Thembo yuko wapi? Nilikuwa nakunywa chai. Nikamaliza chai kwanza. Mtu mkubwa hakimbii.

Kisha nikapanga wapakiaji wangu. Maharage huku, chumvi kule, samaki mbali na nguo. Afande mmoja mgeni akanifokea, "Wewe mzee, toka hapo!" Nikamtazama tu. Akaondoka yeye. Sawa, aliitwa na mkubwa wake. Lakini aliondoka.

Mawingu upande wa Kongo. Meusi. Sikuyapenda.

Masika amepanda kitandani na viatu tena. Tangu mto ulipoichukua nyumba yetu, mke wangu yuko hivyo. Wingu likikusanyika anavaa viatu, anapakata kikapu chenye vitu vya maana, anakaa anasikiliza. Mvua ikinyesha hafumbi jicho hadi asubuhi. Vyumba hivi viwili tulivyopanga viko mbali na mto. Nimempimia kwa hatua zangu mbele ya macho yake. Haikusaidia. Anasema maji yana miguu.

Hajji Twaha, mwenye yale malori mawili ya kijani, rafiki yangu, ameniambia leo anauza nyumba yake ya Kasese mjini. Ghorofani, juu kabisa. Baada ya Idi anahamia Mbarara kwa wanawe. Nikamwambia asimwonyeshe mtu mwingine. Nikamwambia mambo ya maghorofa nayajua, Butembo kule Kongo nilikuwa nayo mawili. Akacheka. Hajji anacheka vizuri hata akiwa amefunga.

Maji hayapandi ngazi. Nimewaza hilo tu mchana kutwa.

Alhamisi, 6 Machi. Kasese.

Nimeiona. Nimeinunua. Ndivyo nilivyo.

Jengo liko nyuma ya stendi, pale ambapo mtaa umebanana hadi jirani akikaanga vitunguu wewe ndiye unayelia. Lilijengwa na Wahindi zamani, mgodi wa shaba ulipokuwa mgodi. Chini kuna duka la spea na saluni. Katikati anakaa Mama Kahindo, mjane wa Butembo, anauza vitenge. Juu yake ni kwangu. Juu yangu ni bati na Mungu.

Ngazi za saruji zimelika katikati kama sabuni iliyotumiwa. Sakafu nyekundu, ukiipiga deki inang'aa. Vyumba viwili, sebule, jiko dogo, choo cha ndani. Choo cha ndani! Bomba linakohoa kwanza kama mzee ndipo litoe maji. Madirisha ya vioo vya kupangwa, viwili havipo, mahali pake pamewekwa karatasi ngumu. Kuta nene. Nilizipiga ngumi. Mkono bado unauma.

Kahawa yangu ya Kyarumba ilikwisha kuuzwa tangu Krismasi, na ile akiba ya kupakia malori ilikuwa inangoja kazi. Imepata. Mwenyekiti wa mtaa alikuja na muhuri wake mfukoni, akaugonga kwa nguvu, nadhani kwa heshima yangu.

Hajji akauliza, "Mama amesemaje?" Nikamjibu kwangu msemaji ni mmoja. Akasema kuna mwenye duka la dawa naye anaitaka nyumba hii. Ikiwa mama atakataa, nimwambie kabla ya Idi, atanirudishia changu chote na tutabaki ndugu. Nikamwambia hilo haliwezi kutokea.

Mama bado hajui. Hilo naandika hapa tu. Naandika Kiswahili makusudi. Masika anasoma Lukonzo, watoto wetu na wale wa ndugu zangu wanasoma Kiingereza. Mimi shule niliiacha darasa la sita, ikabaki inanililia. Kiswahili changu nilikiokota barabarani na kwa mafande. Hakuna wa kukichungulia.

Jumamosi, 8 Machi. Bwera.

Nimemwambia Masika. Nilianza kwa mbali. Nikasifu sombe, majani yake ya muhogo. Nikasifu kilemba chake. Akaniuliza nimevunja nini.

Nikasema nimenunua nyumba ambayo mto hauwezi kuifika hata ukipewa ngazi. Akaacha kuchambua maharage. Kwa muda mfupi niliona uso wake ukifunguka, kweli niliuona. Kisha akauliza iko wapi. Nikasema juu.

"Juu ya nini?"

"Juu ya Mama Kahindo, mwuza vitenge."

Uso ukafungika tena. Akasema yeye hajalelewa kutembea juu ya kichwa cha mwanamke mwenzake. Akauliza mipaka nilionyeshwa na nani. Nikasema nyumba ya ghorofa haina mipaka ya shamba, ina kuta. Akasema kila kinachonunuliwa kina majirani, na kwetu milimani majirani wasipokuonyesha mipaka na kula mbuzi wako, hujanunua. Umewekesha tu pesa.

Ni kweli, baba yake aliwahi kufukuzwa kwenye shamba alilolilipia, kwa sababu jirani mmoja alikataa kula. Sahani ilirudi imejaa. Miaka mitano baadaye kesi ikaanza, na yule jirani akasema, mimi sikula. Masika alikuwa mtoto, aliiona. Yako mambo ambayo mwanamke hasahau.

Basi. Majirani wakila, atakuja. Wasipokula, haji. Amerudi kwenye maharage.

Nina hasira. Zaidi na mimi mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi. Kasese.

Nimeandaa kila kitu kwa siku moja. Mtu mwingine angehitaji kamati.

Mbuzi amepatikana, dume jeusi. Miche minne ya mti wa mpaka, ile yenye majani marefu tunayopanda kwenye kona za shamba, nimeikata kwa shemeji, kule Kitswamba. Kona za nyumba zipo nne, udongo hakuna hata kijiko. Nikafikiri. Nikaokota mikebe minne ya rangi nyuma ya duka la spea, nikaijaza udongo, nikapanda. Kila kona ya nyumba mkebe wake. Hajapata kutokea mtu aliyepima ghorofa hivi. Serikali itakuja kujifunza.

Mwenyekiti anasema kazi yake ni muhuri, si mbuzi. Aliposikia mbuzi yupo, akasema lakini utamaduni lazima uheshimiwe. Ana nafasi Ijumaa mchana. Nikamwambia Ijumaa mchana ndiyo yenyewe.

Nimemwalika Mama Kahindo pia. Alisimama mlangoni kwake, rozari shingoni, mwanamke mrefu, mkavu, haangushi neno bure. Nikamweleza mimi ni nani. Nikamweleza habari ya yule kiboko wa Kasenyi, jinsi alivyoupindua mtumbwi nami nikamshika sikio na kumwongoza hadi ufukweni, na watu wa samaki wakanishangilia. Akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na kiboko yeye alisema nini?" Akafunga mlango. Polepole, si kwa ubaya. Nadhani amenipenda.

Ijumaa, 14 Machi. Kasese. Imeandikwa kwenye ngazi.

Aibu. Aibu tupu.

Asubuhi nilimchinja mbuzi mwenyewe, uani, nyuma ya saluni. Nikachoma, nikachemsha mchuzi, obundu, ugali wetu wa muhogo, ukaiva vizuri. Masika alifika na basi la saa nne. Akapanda mpaka mlangoni, akasimama hapo hapo kizingitini na kikapu chake. Hataingia mpaka majirani wale. Nikamwambia atazame tu.

Mipaka ilikwenda vizuri. Hajji alitangulia, akagusa ukuta wa barabarani, akasema hapa ni mwisho. Akagusa wa ngazi. Mwenyekiti naye akagusa. Mama Kahindo akapiga sakafu kwa kisigino, akasema, "Hapa chini ni kwangu." Akatazama mikebe yangu. "Papa, mupaka ndani ya mukebe? Na mutu akiihamisha?" Kila mtu alicheka. Hata Masika, kidogo.

Kisha nikapakua.

Hajji akaitazama sahani. Akasema, "Thembo, nimefunga." Mimi najua amefunga! Lakini nilifikiri mtu wa malori ni msafiri siku zote, na msafiri anaruhusiwa kula. Nikamwambia hivyo mbele ya watu, kama sheikh. Akasema, "Leo sijasafiri. Nimekaa kwenye kiti chako." Halafu taratibu, karibu na sikio langu, "Na nani amechinja?"

"Mimi."

"Ulisema nini?"

"Nilimwambia asiogope."

Hajji akafunika macho. Mabega yanatikisika. Nikamgeukia Mama Kahindo. Naye alikuwa amesukuma sahani katikati ya meza. "Papa, miye siwezi. Ni Ijumaa ya Kwaresima. Nyama hapana. Weye hujui?" Sijui! Sisi Waprotestanti wa kwetu hatuna habari hizo. Ijumaa nakula kilichopo.

Aliyekula ni mwenyekiti. Alikula sehemu yake, akala ya Hajji, akaomba ya Mama Kahindo ifungwe kwenye jani.

Nikakimbilia mlangoni. Nikamweleza Masika, ni dini tu, ni siku tu, hakuna aliyekataa. Akanisikiliza. Hakuwa na hasira, hiyo ndiyo iliyoniumiza. Akasema, "Sababu kila mtu anazo. Na yule jirani wa baba alikuwa nazo." Akashuka ngazi. Akapanda basi la Bwera.

Kizingitini pangu hajapavuka.

Nimebaki na sufuria. Nimegawa nyama kwa watu wa saluni.

Jumamosi, 15 Machi. Bwera.

Mvua ilianza jioni, ikakatika alfajiri. Ya kwanza ya msimu.

Masika alikaa. Viatu, kikapu, ukuta mgongoni. Nilimwambia alale, nitasikiliza mimi. Akasema mimi nikisikiliza nakoroma. Nikamhadithia jinsi nilivyoligeuza lori la tani kumi kwenye mteremko wa Kyarumba kwa kulisukuma peke yangu. Kawaida anacheka pale lori linaponiomba msamaha. Hakucheka. Alikuwa anasikiliza matone.

Naogopa. Wacha niandike. Siogopi mto. Naogopa kwamba atazeeka amekaa hivyo, mimi nikiwa na nyumba kavu Kasese iliyofungwa kufuli.

Idi iko karibu. Lazima nimwambie Hajji. Sitamwambia leo.

Jumanne, 18 Machi. Bwera.

Soko tena. Kazi mbaya, matope hadi magotini, lori moja limelala ubavu na madereva wananilaumu mimi kana kwamba mvua ni shangazi yangu. Nilirudi nyumbani kula mchana.

Kuna viatu vya mwanamke mlangoni. Ndani, Mama Kahindo. Amekaa kwenye kiti changu, mzigo wa vitenge miguuni, anakunywa chai na mke wangu.

Anakuja Bwera siku za soko kuchukua mali yake. Leo ameuliza wapakiaji, yule Papa wa mikebe nyumba yake iko wapi? Wote wakaonyesha. Nashangaa kusikia jina hilo limefika mpaka huku.

Walikuwa wanaongea wao kwa wao. Lukonzo chetu na Kinande chao ni lugha moja, daraja tu liko katikati. Niliposimama pale wakanyamaza, nikajua walikuwa wananijadili. Mama Kahindo akarudi kwenye Kiswahili, ili nijue naambiwa na mimi:

"Mama Masika anasema hataki kukanyaga kichwa yangu. Miye namwambia hivi. Tangu Hajji anaanza kuhamisha vitu, huko juu kimya. Miye kimya naiogopa. Kule kwetu kimya ilitangulia, halafu watu wabaya. Usiku miye sisinzie, natazama plafo, hii dari. Nataka nisikie mutu. Atembee. Aanguke hata sufuria."

Masika aliinuka akamwongezea chai, akaweka sukari bila kuuliza vijiko vingapi.

Mimi niliingilia, nikasema nyayo zangu ni nzito, zitamtosha. Wakanitazama wote wawili kwa jicho moja. Nikaenda kula nje.

Baadaye Masika akamsindikiza hadi stendi, mzigo wa vitenge kichwani mwake yeye, si mwa mwenyewe. Aliporudi akasema maneno machache. Mama huyo ni mtu. Lakini mbuzi lazima aliwe. Aliwe kweli, na yeye aone.

Nimefurahi hadi nimesahau lori lililolala.

Alhamisi, 20 Machi. Kyarumba.

Mbuzi wa pili hanunuliki. Mfuko umekauka. Nimepanda kwa kaka yangu mkubwa, Baluku, nikampa heshima ya kunichangia mbuzi. Si kila mtu nampa heshima hiyo.

Baluku hacheki haraka. Akauliza yule wa kwanza alikwenda wapi. Nikasema alikwenda kwa mwenyekiti. Nikalazimika kueleza yote, Hajji, Kwaresima, sahani. Nilipofika pale nilipomwambia mbuzi asiogope, kaka yangu alikaa chini kwenye kahawa yake mbichi akayapiga magoti yake kwa viganja. Sijamwona akicheka hivyo tangu mama yetu alipokuwa hai. Basi, aibu yangu imefanya kazi moja nzuri.

Amenipa jike la madoadoa, lenye tabia. Njia ya kushuka ni ile ya miguu tu, wanawake wanapita na magunia ya maharage vichwani, hawashiki hata kijiti. Mimi nilimfunga kamba nikamwongoza. Ukweli yeye aliniongoza. Penye utelezi aliketi. Nikambeba mabegani mpaka barabarani, na kila aliyepita akaniambia pole. Yule mbuzi alikuwa anaitikia.

Nimewauliza watu wawili tofauti na padri mmoja: Jumamosi, jua likishazama. Mwislamu amefungua, Mkatoliki anakula nyama. Hajji atachinja mwenyewe. Nimemwandikia kwenye simu mara mbili ili asiseme sikumwambia.

Jumamosi, 22 Machi. Kasese.

Wamekula.

Nianze mwanzo. Hajji alimchinja alasiri, kwa jina la Mungu, akalitaja kwa sauti huku akinitazama ili nijifunze. Masika alikuja mapema safari hii. Hakupanda. Aliingia kwa Mama Kahindo, wakapika kule, mchuzi, obundu, sombe, na sambusa za Hajji. Harufu ilipanda ngazi kabla ya chakula. Watu wa saluni wakaja bila kualikwa. Waje tu.

Mipaka ikaguswa upya. Ukuta wa barabara. Ukuta wa ngazi. Sakafu. Mwenyekiti akanyoosha kidole kwenye bati, akasema huko ndiko hana mamlaka. Mikebe yangu minne bado iko kwenye kona, mche mmoja umechipua jani. Nilimwonyesha kila mtu. Mama Kahindo alimwagilia ule mkavu.

Adhana ikalia pale nyuma ya stendi. Hajji akavunja mfungo kwa tende, akaomba maji, akanyoosha mkono kwenye nyama. Akatafuna. Sijawahi kumtazama mwanaume akitafuna kwa hamu kiasi kile. Mama Kahindo akafanya ishara ya msalaba, akachukua ubavu, akaumaliza hadi mfupa ukawa mweupe. "Papa, sasa nimekula. Muandike!" Naandika.

Masika alikuwa kizingitini. Alitazama sahani, moja moja, kama mtu anayekagua maharage. Zote tupu. Ya mwenyekiti ilikuwa tupu mara mbili.

Akavua kandambili. Akavuka.

Alitembea sebuleni kwa ncha za vidole, kama mwizi. Mama Kahindo akamtazama, akanyanyuka, akashuka ngazi haraka. Tukabaki tunajiuliza. Mara chini ya miguu yetu, go, go, go. Anapiga dari yake kwa mpini wa ufagio. Sauti ikapanda dirishani: "Sisikie kitu! Tembea kama mutu!"

Masika akaweka mkono mdomoni. Kisha akakanyaga. Kisigino, kisigino. Go, go, ufagio ukajibu. Akaenda hadi jikoni akakanyaga huko, ufagio ukamfuata. Akarudi chumbani, ufagio nyuma yake. Mke wangu, mwenye wajukuu, alikuwa anacheka na machozi yanashuka. Hajji naye alikuwa anajifuta kwa kanzu. Mwenyekiti alichukua nafasi hiyo kuongeza nyama.

Mimi sikulia. Kulikuwa na moshi.

Hajji ameniambia atamjibu yule wa duka la dawa kesho. Nyumba ina watu.

Jumatano, 26 Machi. Kasese.

Tumehama. Lori la Hajji, wapakiaji wangu wa Mpondwe, vitu vyetu vichache hata aibu lori zima. Kitanda kilikataa kona ya ngazi. Nikatoa amri kama afande. Kitanda kikakataa tena. Masika akasema kifunguliwe miguu. Kikapita. Nilikuwa karibu kusema hivyo.

Kelele za mtaa huu! Boda, kwaya ya jioni, mtu anauza ndizi kwa kipaza sauti. Tukiwa Bwera nilifikiri nitazichukia. Nazipenda. Kila mtu hapa anaweza kunisikia nikizungumza.

Kazi itakuwa mbali. Nitakwenda Bwera siku za soko, Jumanne na Ijumaa, nilale kwa mpwa wangu ikilazimu. Mpaka utajifunza kufunguka wenyewe siku nyingine.

Masika na Mama Kahindo wamekwisha kuwa na lugha yao ya ufagio. Moja, upo? Mbili, nipo. Tatu, njoo tule. Mimi nilijaribu kujibu mara nne kwa mguu. Hakuna aliyejali.

Jumatatu, 31 Machi. Kasese.

Idi. Hajji alipita kuaga, kanzu mpya, lori limekwisha kupakiwa. Alikaa kwenye kile kile kiti. Alikula mchana huu, wali na nyama, kwa makusudi, mbele yangu. Akasema nyumba hii ilizaa watoto wake wanne na haijawahi kuvuja. Akagusa ukuta wa barabarani kwa kiganja, akaenda.

Nitamkosa. Sitamwambia.

Jumatano, 2 Aprili. Kasese.

Mvua kubwa jana. Ilianza saa za chakula, ikapiga bati kama watu wanamwaga kokoto. Barabarani maji yalikimbia na viatu na mifuko. Masika alisimama dirishani, akayatazama yanavyopita kule chini. Akatembea kidogo. Ufagio ukajibu mara moja, akajibu mara mbili. Akapanda kitandani. Nikangoja. Akavuta shuka, akageukia ukutani, akalala. Alilala mdomo wazi, kama msichana. Ngurumo ilipiga, hakugeuka.

Nilikaa pembeni yake nikimsikiliza akipumua. Sijui ni muda gani. Sijamwona hivyo tangu ile nyumba.

Asubuhi aliamka akasema njaa inamuuma. Basi.

Watu wa saluni wananiita Mzee wa Ghorofani na mimi naitikia. Nimewaambia nimelelewa kwenye maghorofa. Lakini nimalize ukurasa huu kwa kweli, hakuna wa kuusoma. Kupanda napanda vizuri. Kushuka, nikitazama chini, naogopa. Kwa hiyo nashuka kinyumenyume, mikono miwili ukutani, kama mtu anayeshuka mti, na nangoja kwanza nisikie Mama Kahindo amefunga mlango wake. Masika ameniona mara mbili. Leo asubuhi alitangulia chini yangu ngazi moja, mgongo kwangu, akajifanya anatafuta kitu kwenye kikapu, akanisubiri.